Siku ya 12: Nani Alilima, Nani Aliotesha?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Leo tuko siku ya 12. Kumi la rehema limetupita, tumeingia kumi la maghfira. Basi leo naomba niongee juu ya jambo ambalo mimi mwenyewe nahitaji maghfira kwalo. Sitamsema mtu mwingine. Nitajisema.

Ramadhani ya miaka hii imetukuta kwenye matayarisho ya mashamba. Ukitoka nje baada ya alfajiri unasikia matrekta, na kwa wasio na trekta unaona maksai na plau. Vumbi jekundu linapanda hadi kwenye paa za nyumba. Kila mtu anataka masika yamkute tayari. Na wiki hii ndugu mmoja amenitumia swali, nami naamini si lake peke yake. Anasema: "Shehe, msimu uliopita shamba langu halikutoa kitu. Nilichukua vibarua wakalima na kupalilia. Mpaka leo wananidai. Je, ninawajibika kuwalipa wakati mimi mwenyewe sikuvuna hata debe moja?"

Jibu la kifiqhi ni fupi: ndiyo, unawajibika. Ila ningekujibu hivyo tu ningekuwa sijakutendea haki, kwa sababu swali lako si la mtu mbaya. Ni swali la mtu aliyepata hasara kweli. Kuna kitu ndani ya moyo kinasema: "Tumepata msiba pamoja, mbona niubebe peke yangu?" Nakijua kitu hicho. Kilishawahi kukaa moyoni mwangu msimu mzima.

Nina shamba dogo, eka mbili, napanda mahindi na mbaazi. Mwaka mmoja nilimchukua kijana, Muiraqw, si Muislamu, anikatulie sehemu ya juu ambayo plau haifiki kwa sababu ya mteremko, kisha anipalilie. Tulipatana shilingi 60,000. Akafanya kazi siku zote tulizokubaliana, na alifanya vizuri, jembe lake lilikuwa linaingia. Nilimpa nusu, nikamwambia nyingine tutamaliziana mbele.

Masika ya mwaka ule yalianza vizuri, halafu katikati ya Aprili yakakata. Mahindi yalifika magotini, majani yakajikunja kama karatasi, basi. Mbaazi ndizo zilizojikongoja kidogo. Kijana alipokuja kudai nusu yake nilimpeleka mpaka shambani. Sikumwambia sikulipi. Nilimwambia tu: "Kijana wangu, shamba lenyewe si unaliona."

Akaliangalia shamba. Akaniangalia mimi. Akasema kwa adabu kabisa: "Shehe, mimi niliahidi kulima. Mvua sikuahidi."

Akaondoka. Nami nilirudi nyumbani nikijiambia kwamba vijana wa siku hizi hawana huruma.

Sasa sikilizeni jinsi Mwenyezi Mungu anavyofundisha. Wiki chache baadaye nilikuwa nasomesha Suratul-Waqi'a kwa watoto wa jioni. Tulifika aya ya 63 na ya 64, pale ambapo Mola wetu anatuuliza juu ya mashamba yetu. Nilikuwa natafsiri kwa haraka, maana Magharibi ilikuwa karibu. Mtoto mmoja wa kike, miaka kumi hivi, akanyoosha mkono: "Ustadh, hapa umesema mnalima, na hapa umesema tena mnalima. Mbona Kiarabu kimeweka maneno mawili?"

Nilipokuwa chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba mwalimu asiyejua aseme "nitakujibu kesho", na kesho yake ajibu kweli. Nikamwambia nitamjibu kesho. Usiku ule nikafungua kamusi na vitabu vya tafsiri. Mtoto alikuwa na haki. Nilikuwa nimeyabana maneno mawili ndani ya neno moja la Kiswahili, na katikati yake ndipo haki ya yule kijana ilikuwa imepotelea.

Neno la kwanza, katika aya ya 63, ni harth. Harth ni kukatua ardhi, kuilima, kuiweka sawa na kutia mbegu. Ni kazi ya mikono na mgongo. Hapo Mwenyezi Mungu anaihesabu kazi hiyo kuwa yetu, kwamba nyinyi ndio mnaoifanya.

Neno la pili, katika aya ya 64, ni zar'. Wazee wa pwani hata wakaliingiza katika Kiswahili wakaita kilimo zaraa. Lakini katika aya hii zar' ni kuotesha: mbegu kuamka ndani ya udongo, kutoa mzizi, kutoa jani, kubeba. Na hapa Mola hatuachii. Anatuuliza ni nyinyi mnaootesha au ni Sisi? Kisha katika aya ya 65 anatukumbusha kwamba angetaka angeyafanya yote kuwa makapi makavu, tukabaki kushangaa.

Mwenye elimu ataniambia: "Shehe, mbona katika Surat Yusuf aya ya 47 neno hilohilo la zar' limetumika kwa watu, pale Nabii Yusuf alipowaambia watu wa Misri walime miaka saba?" Ni kweli kabisa. Katika mazungumzo ya kawaida Mwarabu humwita mkulima kwa neno hilo, na Qur'ani imelitumia hivyo. Kwa hiyo si dhambi kusema "nimeotesha mahindi". Lakini likija swali la mwisho, kwamba hasa hasa nani kafanya nini, aya inagawa kazi sehemu mbili. Harth ni yetu. Zar' ni Yake.

Nilipoliona hilo nikaendelea kuyatafuta maneno mengine ya shamba, na kila moja lilinirudisha palepale.

Chukua neno athara. Maana yake ni kutifua, kuchochea kitu mpaka kiinuke, kama vumbi letu hili la Februari. Katika Suratul-Baqara aya ya 71, ng'ombe wa Bani Israil ameelezwa kuwa si ng'ombe aliyezoeshwa kutifua ardhi. Sasa nenda Suratur-Rum. Katika aya ya 9 watu waliotangulia wanasemwa kwamba waliitifua ardhi. Katika aya ya 48 ya sura hiyohiyo, neno la asili hiyohiyo linasemwa juu ya pepo: Mwenyezi Mungu anazituma, nazo zinayatifua mawingu. Angalia ugawaji ule. Chini mtu anatifua udongo kwa jembe. Juu upepo unatifua mawingu kwa amri ya Mola wake. Mkono wako unafika kwenye udongo tu.

Chukua neno la kupasua. Katika Surat Abasa, aya ya 25 mpaka ya 27, Mwenyezi Mungu anasema ameyamimina maji, kisha ameipasua ardhi, kisha ameotesha humo nafaka. Sisi tunapasua kwa plau kutoka juu. Kuna kupasua kwingine kunatoka chini, chipukizi laini ambalo ungeweza kulikata kwa ukucha linatoboa udongo mkavu. Kule kwa juu tunalipana. Kule kwa chini hakuna kibarua duniani anayeweza kukufanyia.

Chukua na neno kafara. Hili linatutisha tukilisikia, lakini asili yake ni kufunika. Katika Suratul-Hadid aya ya 20 limekuja neno kuffar, na wafasiri wengi wamesema hapo maana yake ni wakulima, kwa sababu mkulima anaifunika mbegu kwa udongo. Ni kitendo kilekile cha mkono. Ukifunika mbegu kwa kumtegemea Mungu, wewe ni mkulima. Ukifunika haki ya mtu kwa maneno, umefunika kitu ambacho siku moja nacho kitaota. Mimi nilimfunika yule kijana kwa sentensi moja: shamba lenyewe si unaliona.

Ndugu zangu, hebu tutoke kidogo darasani twende Engaruka. Wengi wenu mmepita Mto wa Mbu. Ukiacha lami pale ukaelekea kaskazini, chini ya ukuta wa nyanda hizihizi za Ngorongoro, unafika mahali palipojaa mawe yaliyopangwa. Ni mashamba. Kuna mifereji ya kumwagilia, kuna matuta ya kuzuia udongo, kuna alama za makazi. Wataalamu wa mambo ya kale wanakadiria eneo lililolimwa kuwa karibu hekta 2,000, na kwamba watu walilima hapo kuanzia karibu karne ya 15 hadi ya 18. Walilima mtama kwa maji ya mito inayoshuka kutoka milimani. Kisha wakaondoka. Miongoni mwa sababu zinazotajwa ni kupungua kwa maji.

Mimi nilipofika pale nilikumbuka ile aya ya 9 ya Suratur-Rum. Inatutaka tutembee katika ardhi tuone mwisho wa waliokuwa kabla yetu, waliokuwa na nguvu kuliko sisi, walioitifua ardhi na kuiamirisha. Aya inawasema watu waliokataa Mitume wao, nami siwahukumu watu wa Engaruka kwa hilo. Lakini mawe yale ni darsa. Harth yao iko mpaka leo, unaweza kuishika kwa mkono. Kila jiwe lilibebwa na mtu, mgongo wa mtu uliuma. Zar' ndiyo iliyoondoka. Maji yakipungua, hata mfereji uwe mzuri namna gani, ni mawe matupu.

Je, tutasema kwa kuwa mashamba yale hayatoi tena mtama, basi wale waliobeba mawe hawakufanya kazi? Haiwezekani. Kazi ilifanyika. Kama kuna aliyemdai mwenziwe ujira siku ile, deni lile limefika mbele ya Mungu zamani.

Sasa turudi kwenye swali la ndugu yetu. Ukimchukua mtu kwa ujira, unanunua nini kwake? Unanunua harth. Hawezi kukuuzia zar' kwa sababu hana. Wewe pia huna. Basi akishakata matuta mliyopatana, ameshakukabidhi ulichonunua. Mvua ikikata Aprili, kilichokosekana ni kile ambacho hakikuwa ndani ya mkataba wenu.

Katika Sahihi Bukhari imo hadithi ambayo Mwenyezi Mungu anawataja watu watatu ambao Yeye mwenyewe atakuwa mgomvi wao Siku ya Kiyama. Mmoja wao ni yule aliyeajiri mtu, akapata kazi yake kamili, kisha asimpe ujira wake. Hapakuwekwa "isipokuwa kama mvua haikunyesha". Na Ibn Majah amepokea kwamba Mtume, sala na amani ziwe juu yake, ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Angalia kipimo ni nini. Jasho. Jasho linatoka wakati wa kulima. Wakati wa kuvuna limeshakauka zamani.

"Lakini shehe, si tunaweza kugawana hasara?" Mnaweza, ila mpatane mapema. Uislamu unajua njia hiyo. Inaitwa muzara'a, na sikilizeni neno lenyewe, limetoka kwenye zar'. Yaani tunashirikiana katika kile ambacho Mungu ataotesha. Baada ya Khaybar, mwaka wa 7 wa Hijra, Mtume, sala na amani ziwe juu yake, aliwaachia watu wa pale waishughulikie ardhi kwa nusu ya matunda na mazao. Likipatikana, wote wanapata. Likikosekana, wote wanakosa. Hiyo ni haki, kwa sababu kila mmoja aliingia akijua anangojea mvua. Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wana masharti yao mazito katika mkataba huu, kwa hiyo ukitaka kuufunga njoo kwanza tuulizane. Ila msingi ushike.

Na kuna namna moja iliyokatazwa waziwazi. Rafi' bin Khadij, radhi za Allah ziwe juu yake, anaeleza katika Sahihi Muslim kwamba watu wa Madina walikuwa wakikodishana mashamba kwa sharti kwamba mmoja achukue mazao ya sehemu iliyo karibu na maji. Mara ikatokea huku kumesalimika na kule kumeangamia. Mtume akalikataza hilo, kwa sababu mmoja amejichagulia usalama na mwenziwe amemwachia bahati. Ujira unaojulikana, uliodhaminiwa, hauna ubaya.

Basi tazama tunachokifanya huku kwetu. Mwaka wa neema tunamwambia kibarua: "Tulipatana elfu 60, chukua elfu 60 yako." Hatumwongezi hata gunia, na tunasema ni mkataba. Mwaka wa ukame tunamwambia: "Ni mipango ya Mungu, tuvumiliane." Yaani mwaka mzuri tuna ajira, mwaka mbaya tuna ushirika. Nenda Mang'ola uulize mashamba ya vitunguu. Bei ikiwa nzuri, malori yamepanga foleni mengine yanakwenda mpaka Kenya, lumbesa zimesimama, kibarua analipwa kwa siku aende zake. Bei ikianguka, vitunguu vikaoza shambani, ghafla kibarua naye anakuwa mshirika wa hasara. Hakushirikishwa kwenye faida hata siku moja! Hii ndiyo ile aliyoikataza Mtume, tofauti ni kwamba sisi hatuitamki.

Kama kweli unaamini kwamba mwaka mbaya ni wa Mungu, amini pia kwamba mwaka mzuri ni Wake.

Hapo ndipo linapokuja jambo la pili, ambalo wengi hatulipendi. Ikiwa zar' si yetu, basi magunia ya mwaka mzuri nayo yana maneno. Katika Suratul-An'am aya ya 141 tumeamrishwa tutoe haki ya mazao siku ya kuvuna. Na Mtume, sala na amani ziwe juu yake, ametupimia: shamba lililonyweshwa na mvua au chemchemi linatolewa moja ya kumi. Shamba lililonyweshwa kwa kazi ya kuteka maji, na leo wanazuoni wanaingiza humo pampu ya mafuta, linatolewa nusu ya hiyo, yaani asilimia 5. Kiwango cha chini ni wasaki tano, ambazo hukadiriwa karibu kilo 650 za nafaka. Kwa hiyo ndugu wa Mang'ola anayepanda mahindi kwa mfereji wa chemchemi na jirani yake anayepampu hawatoi sawa.

Kwa nini? Sheria imepima harth yako. Ukiwa umebeba kazi na gharama zaidi, unasamehewa zaidi. Ukiwa umekaa mvua ikakufanyia, unatoa zaidi. Mwenyezi Mungu mwenye hiyo zar' ameiheshimu harth yako kiasi cha kukupunguzia haki Yake. Sasa sisi ni nani tusiiheshimu harth ya kibarua?

Kuhusu vitunguu vyenyewe, kwa sababu najua nitaulizwa: kwa Imam Shafi zaka ya mazao iko kwenye chakula kikuu kinachohifadhika, kama mahindi na maharage, wala haimo kwenye vitunguu. Kwa Imam Abu Hanifa imo. Lakini fedha za vitunguu zikikaa mwaka nazo zimefika kiwango, zina zaka kwa wote. Usije ukajificha ndani ya gunia.

Kuna watu Qur'ani imewataja katika Suratul-Qalam, kuanzia aya ya 17. Walikuwa na bustani. Wakaapa watavuna asubuhi na mapema kabla masikini hajaamka, asije akaomba. Usiku wakiwa wamelala, bustani ikafikwa na balaa, ikawa nyeusi. Wao hawana habari. Asubuhi wakaitana, na katika aya ya 22 neno waliloliita shamba lao ni harth, harth yenu. Twendeni mapema kwenye harth yenu! Ndivyo walivyoona, kwamba yote ni yao. Walipofika walidhani wamepotea njia.

Nikiisoma kisa hiki zamani nilikuwa najiona niko upande wa masikini. Baada ya lile la kijana, nilijiona nimesimama mlangoni mwa bustani pamoja na wale waliokuwa wakinong'ona.

Tusisahau pia kwamba wanaongoja zar' ya Mungu ni wengi kuliko wenye mashamba. Ndugu zetu wa ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, sheria ya mwaka 1975 ilizuia kilimo kule, mwaka 1992 kikaruhusiwa kidogo, baadaye kikafungwa tena. Jembe kwao limefungwa, ila ugali unaliwa. Mahindi yao yanatoka huku chini kwetu. Mvua ya Karatu ikikata, sufuria ya mtu ambaye hajawahi kushika jembe inakuwa tupu. Kwa hiyo unapoona shamba limebeba, usiseme limekubebea wewe.

Sasa nimalizie la kijana wangu. Nilimtafuta mwezi mzima. Nikaambiwa ameshuka Mang'ola kwenye vitunguu. Nikapanda gari nikashuka, nikamkuta yuko ndani ya tope la mfereji, suruali imekunjwa. Nilimpa ile 30,000 nikamwomba radhi, nikamwambia nilikosea. Akacheka akasema, "Shehe, mimi nilishasahau." Lakini alizihesabu. Alizihesabu polepole, noti moja moja, halafu akazikunja akaweka mfukoni akarudi kwenye maji. Mpaka leo nikikumbuka jinsi alivyozihesabu najua hakuwa amesahau. Nimeomba msamaha kwa Mungu, na kwake nimeomba. Yeye kama amenisamehe sijui. Hilo nalo ni sehemu ya adhabu ya kuchelewesha haki.

Ndugu yangu uliyeuliza, na wengine mlio kama yeye, nawaomba mambo manne Ramadhani hii.

1. Kaa uandike majina ya unaodaiwa nao kazi ya shamba. Yaandike hata kama huna hela. Deni lililoandikwa halijafunikwa.

2. Kama huna, nenda ukamwambie huna, umuombe muda. Suratul-Baqara aya ya 280 inamtaka anayedai amsubiri mwenye shida. Lakini muda huo ni wake yeye kukupa. Usijipe mwenyewe kwa kuzima simu.

3. Msimu huu, kabla jembe halijagusa ardhi, semeni wazi: ni ujira au ni ushirika? Kama ni ujira, weka pembeni fedha ya kibarua kabla ya fedha ya mbegu.

4. Kama kibarua wako amefunga, aanze kazi mara baada ya alfajiri na umwachie jua likiwa kali. Naye kibarua anuie funga usiku kama kila mtu. Akizidiwa kweli kweli mchana, akahofia madhara, anafungua na atalipa siku nyingine. Wewe mwenye shamba usimfikishe huko kwa ajili ya matuta mawili.

Na usimdharau anayechimba. Katika vita vya Khandaki, lile neno lililotuletea "handaki", Mtume wetu, sala na amani ziwe juu yake, alichimba pamoja na Masahaba wake, akabeba udongo mpaka vumbi likafunika tumbo lake. Wakati ule walikuwa na njaa. Kiongozi bora alijua jembe lina uzito gani.

Neno la mwisho. Mkulima kwa Kiarabu ni fallah, kutokana na asili yenye maana ya kupasua, kwa sababu anaipasua ardhi. Na kufaulu ni falah, herufi zilezile. Mara tano kwa siku muadhini wetu anaita hayya 'alal-falah, njooni kwenye kufaulu. Leo jioni ukiisikia ukiwa na tende mkononi, jiulize: katika kufaulu huku ninakoitiwa, kuna jasho la mtu nililolifunika?

Ewe Mola wetu, tupokelee funga zetu, tusamehe tulichokizuia kisicho chetu, tupe nguvu ya kulipa kabla ya kudaiwa Siku ambayo hakuna dinari wala dirhamu. Tunakuomba mvua yenye manufaa, isiyo ya madhara, kwa wanaokuamini na wasiokuamini katika ardhi hii, kwa wa milimani na wa bondeni. Sisi tutalima. Wewe ndiye Mwenye kuotesha. Amin.

Darsa ya leo ni baada ya Alasiri hapahapa msikitini, tutaendelea na zaka ya mazao. Njooni na maswali. Na ukimjua mkulima ambaye hana simu, msomee.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.